Toa Sawa Pande Zote

Jumatatu, 9 Aprili

Mwezeshaji wa semina ametugawia kila mmoja daftari jipya, tuandike shajara mpaka semina iishe. Kila jioni tujibu maswali mawili: nimejifunza nini leo, na nitabadili nini darasani. Ameapa kwamba hatasoma. Jirani yangu wa meza, ambaye tumemwita Redio tangu chuoni kwa sababu hazimiki, akaninong'oneza kwamba yeye alikimbilia hisabati ili asiandike insha, na sasa insha imemfuata hukuhuku. Nikacheka. Zamani ningegeuka kumtafuta mume wangu tucheke wote, lakini leo alikaa meza ya nyuma, dirishani, na kando yangu kiti kilikuwa kitupu.

Basi kwa kuwa hakuna atakayesoma, nisijifiche. Mume wangu ameomba uhamisho. Tunafundisha hisabati shule moja, tunalala nyumba moja, tunakula chungu kimoja, na mwezi uliopita alikwenda ofisi ya elimu akaomba apelekwe peke yake shule ya mbali. Aliniambia baada ya kuomba, huku akifunga kamba za viatu. Jibu litatoka kabla ya shule kufunguliwa. Muda nilio nao wa kumbakiza ni semina hii na mvua zake.

Asubuhi tulipewa vibandiko, kila mtu aandike jina ambalo angependa kuitwa. Nikaandika Mama Njugu. Ndivyo ninavyoitwa na kila mtu tangu nilipojifungua binti yetu. Alizaliwa kadogo mno, mkunga akamwita Njugu, na jina likaganda. Mume wangu akaandika Mwalimu. Ukumbi mzima ni walimu watupu, na yeye kifuani kabandika Mwalimu.

Njugu alifariki kwa homa mvua za mwaka jana, akiwa na miaka saba. Tangu tumzike, baba yake hajaniita Mama Njugu. Kazini ananiita mwalimu, na nyumbani haniiti kitu.

Jumanne, 10 Aprili

Mvua kutwa. Bati la ukumbi lilipiga kelele hadi mwezeshaji akaandika ubaoni kila alichotaka kusema. Nimejifunza nini leo: kusoma midomo. Nitabadili nini: viatu.

Jumatano, 11 Aprili

Mwezeshaji ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, miwani yake ameifunga uzi shingoni. Leo aliingia amekumbatia mizani ya dukani, ile ya sahani mbili, na mawe yake kwenye mfuko. Akaandika x + 3 = 8 na kutuuliza tunaifundishaje. Ukumbi mzima ukajibu kwa sauti moja: hamisha tatu upande wa pili, ibadilishe alama.

"Nani kati yenu amewahi kuiona tatu ikivuka?" akauliza.

Akaweka mawe kwenye sahani, kisha akatoa matatu huku na matatu kule, na mizani ikatulia palepale. Hakuna namba inayohama, akasema. Unachotoa upande huu unakitoa na upande ule, basi. Neno hamisha amelipiga marufuku, na atakayelitamka atafuta ubao. Redio akalalamika kwamba ukimnyang'anya mwalimu wa hisabati neno hamisha umemvua nguo sokoni. Watu hoi kwa kicheko. Kuanzia hapo ikawa mchezo, kila kona hamisha, hamisha, anayeteleza anazomewa. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameelekeza uso nje kwenye mvua, shingo imekakamaa.

Sheria yake ya pili: mwalimu akikosea ubaoni asifute kosa. Achore mstari juu yake na kuandika lililo sahihi chini, ili watoto waone vyote viwili. Sijui kwa nini yule mama ameniudhi. Anazungumza kana kwamba kila kitu kina mizani. Tumemwita Bibi Mizani.

Alhamisi, 12 Aprili

Bibi Mizani ametupanga wawili wawili, wa shule moja pamoja. Kila jozi iandae somo la mfano, na siku ya mwisho wataletwa wanafunzi wa kweli tuwafundishe. Kwa hiyo ni mimi na mume wangu. Nilifurahi mpaka nikajionea haya.

Tulikaa meza moja tangu chai hadi jioni. Yeye anaandika maswali, mimi nayajaribu kama mtoto mzembe, jinsi tulivyokuwa tukifanya miaka ile ya mwanzo. Nikafanya kosa la makusudi kwenye mabano, akaguna, akaninyang'anya kalamu. Akacheka kidogo. Kile kicheko chake cha puani nilikuwa nimekisahau. Alipokisikia mwenyewe alikikata katikati, akairudisha kalamu mezani polepole.

Ijumaa, 13 Aprili

Jibu la ofisi halijaja. Asubuhi nimekuta mwavuli wangu uliovunjika kijiti umefungwa waya, umesimamishwa mlangoni. Sikumwomba.

Jumapili, 15 Aprili

Mlango wetu wa jikoni una namba za chaki. Njugu aliziandika yeye, moja hadi ishirini, na saba zake zote zinatazama kinyume. Wazazi wawili wa hisabati tulishindwa kumnyoosha ile saba. Alikuwa akisema saba yake inaangalia nyumbani.

Siku zote nimekuwa nikidhani mume wangu haioni. Anaupita ule mlango kama anavyoupita ukuta. Nimemkasirikia mwaka mzima kwa hilo, na hata kwenye daftari hili nilikuwa nimejiandaa kumwita mtu wa macho makavu. Leo paa limeanza kuvuja juu ya mlango. Nilikuwa uani naanua nguo, nikaingia nikamkuta amepanda kigoda, anapigilia nailoni juu ya fremu ili maji yasiteremke kwenye chaki. Misumari alikuwa ameibana kwa midomo. Hakuweza kunijibu hata kama angetaka, nami sikumwuliza kitu. Nilimshikia kigoda.

Jumatatu, 16 Aprili

Leo wamenikata maini.

Tulikuwa kwenye chai, meza ndefu, watu wamejaa kwa kuwa barazani mvua inapiga. Redio alikuwa amerudi kutoka ofisi ya elimu kufuatilia mambo yake, na kama kawaida hakurudi mikono mitupu. Akasema afisa wa uhamisho amemsimulia kichekesho. Miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile, walimu humjia na ombi moja: uhamisho wa kumfuata mwenza. Mume yuko huku, mke yuko kule, tafadhali tukutanishe. Safari hii, kwa mara ya kwanza, kaja mwalimu anayeomba uhamisho wa kumkimbia mwenza.

Meza nzima ikalipuka. Mmoja akauliza huyo mke ana nini, mwingine akasema labda anamsahihishia mumewe hesabu kitandani. Na mimi nikacheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi, lakini nilicheka. Redio hakuwa na habari. Afisa hakumtajia jina.

Kisha mume wangu akainuka. Alikiweka kikombe chake chini taratibu sana, akausogeza na mkate wake pembeni, akatoka. Hakuchukua mwavuli. Tulimwona dirishani akivuka uwanja, shati limemgandia mgongoni. Watu wakanyamaza mmoja mmoja. Redio alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akakitazama kibandiko changu kifuani, na nikauona uso wake ukielewa.

Mbele ya watu sikulia. Nililia chooni, maji yamefunguliwa. Nililia kwa aibu kwanza, kisha aibu ikaisha na kilio kikaendelea. Nampenda. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kulisema. Nampenda na anakwenda, na kila mtu katika jengo lile sasa anajua kwamba mtu anayekimbiwa ni mimi.

Jumanne, 17 Aprili

Redio hakusema neno hadi saa za mchana. Alipokuja mezani alinisogezea kiti, akasema, "Mama Njugu, ulimi wangu utanizika." Nikamwambia si kosa lake. Akakaa. Akasema Njugu alikuwa akimwita Mjomba Kelele. Nilikuwa nimelisahau hilo, na siku nzima nimetembea nalo.

Mume wangu ana mafua.

Jumatano, 18 Aprili

Leo kila jozi ilifanya mazoezi ya mizani. Upande huu Redio alikuwa na kifuko kimoja, ndicho x, na mawe matatu, upande ule hivyohivyo. Akaanza kutoa. Akatoa mawe yote, akatoa na vifuko vyote, sahani zikabaki tupu. Akaandika ubaoni kwa maringo: 0 = 0. Akauliza kama amekosea.

"Hujakosea," akasema Bibi Mizani. "Ni kweli tupu. Lakini haituambii kitu. Ulikuja hapa unamtafuta x, na sasa hata humwoni."

Wenzangu wakaandika. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye zile sahani. Kwa mwaka mzima swali limekuwa likinizunguka bila kupata maneno, na leo maneno yakaja. Nikanyoosha mkono.

"Mama, ukitoa kitu kilekile pande zote mbili, ni lazima mizani ikae sawa?"

"Lazima, mwanangu," akasema. "Kama kweli ni kitu kilekile."

Mume wangu aliinamia karatasi yake. Nadhani alijua siulizi hisabati.

Tulipotawanyika Bibi Mizani aliniomba nimsaidie kubeba mawe. Huku tunayapanga kwenye mfuko akasoma kibandiko changu na kuuliza Njugu yuko darasa la ngapi. Mwaka mzima watu wamejifunza kutoniuliza. Nikamwambia angekuwa la pili. Aliacha kupanga mawe. Nilisubiri ile pole, lakini haikuja. Akavuta kiti na kusema, "Nihadithie habari zake."

Nikamhadithia. Saba zake, ubishi wake, jinsi alivyokuwa akila mkate kwa kuuzunguka pembeni kwanza ili katikati ibaki kubwa. Nilizungumza mpaka giza likaanza kuingia ukumbini, tukacheka, nikalia, yule mama akaniacha nilie. Nilipogeuka nikamwona mume wangu mlangoni na mwavuli wangu mkononi. Alikuwa amekuja kunisubiri. Aliutundika mwavuli kwenye kitasa akaondoka.

Nilimhukumu vibaya yule mama.

Alhamisi, 19 Aprili

Jioni hii mume wangu amesema. Nilikuwa namenya viazi, yeye ameegemea friji.

"Kwa nini unalibandika lile jina kifuani kila siku?"

"Ndilo jina langu."

Akaniambia kwa sauti ya chini sana, sauti ya mtu anayeeleza hesabu ambayo ameirudia hadi ameichoka. Kwamba akitoka getini fundi viatu anamwita Baba Njugu. Akifika shule mlinzi anamwita Baba Njugu. "Na kila wakiita, nageuka chini, huku, kiunoni, alipokuwa akisimama. Mwaka mzima nageuka. Shingo yangu imechoka."

Nikamwambia kwangu ni kinyume. "Nikiitwa Mama Njugu najua kuna mtu mwingine duniani anayekumbuka kwamba alikuwepo. Siku watakapoacha kuniita, ndiyo nitakuwa nimemzika."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sikukuomba uliache. Nimeomba niondoke mimi."

Kisu kilikuwa bado mkononi, ganda la kiazi linaning'inia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi: mwanamke mwingine, lawama za hospitali, hata chuki. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Hakuna baya alilonifanyia. Jina linalonishikilia mimi nisianguke ndilo linalomwangusha yeye, na tunalibeba nyumba moja. Tulitolewa mtoto mmoja, lakini si kitu kilekile. Nikamwuliza kama ananipenda. Akasema ndiyo, bila kufikiri, na jibu hilo halikunisaidia chochote.

Tumekula viazi bila chumvi. Hakuna aliyeisema.

Ijumaa, 20 Aprili

Mvua. Jibu halijaja.

Jumapili, 22 Aprili

Mvua. Tumepanga somo la mfano mezani hadi chakula kikapoa. Linakwenda vizuri kuliko masomo yote tuliyowahi kupanga. Hilo ndilo linaloniua.

Jumatatu, 23 Aprili

Jibu limekuja. Amekubaliwa.

Ijumaa, 27 Aprili

Siku ya wanafunzi. Waliletwa kidato cha kwanza, sare zimelowa mabegani, wanatazama mizani ya duka kama wamekuja kununua sukari. Mimi nilianza, nikatia mawe, nikauliza maswali. Yeye akapokea ubaoni. Tulipishana bila kugongana, yeye akiinua chaki mimi nashusha jiwe, na nikaona walimu nyuma wameacha hata kuandika.

Kisha akateleza. "Sasa hii tatu tunaiha..." akasema, akaling'ata neno. Lilikuwa limekwisha kutoka nusu. Wiki mbili tumezomeana kwa neno hilo, na leo ukumbi ulikaa kimya. Redio alijiangalia viatu. Mume wangu akaliandika lile nusu neno ubaoni, akachora mstari juu yake, na chini akaandika: tunaitoa pande zote mbili.

Msichana wa mbele, aliyesukwa mistari isiyolingana, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo tatu mliyoitoa imekwenda wapi?"

Kwenye maandalizi swali hilo lilikuwa langu. Nilikuwa na jibu tayari, mfano wa mawe yakiwa mfukoni. Lakini alimwuliza yeye, akimtazama yeye, kwa kichwa kilichoinama upande. Aliyemjua Njugu angeona alichokiona mume wangu. Mume wangu alisimama na chaki, vumbi jeupe likimdondokea kwenye kiatu.

"Haijaenda popote," akasema. "Ipo. Sisi tu tumeacha kuihesabu."

Mtoto yule akaridhika, akaandika. Mume wangu akanigeukia, na macho yake yalikuwa yanasema nichukue, nami nikachukua. Nilimaliza somo. Nilipata x, nilisahihisha madaftari, nilicheka na watoto. Bibi Mizani alipotuaga kwa mikono aliushika wangu muda mrefu na hakusema lolote juu ya mizani.

Jumapili, 29 Aprili

Ameondoka asubuhi. Mabegi mawili, birika la umeme, redio ndogo. Alitaka kuniachia birika, nikamlazimisha alichukue. Alijaribu kunikumbatia na begi bado lipo begani, tukagongana, tukarudia. Mlangoni akaniambia nisimruhusu mwenye nyumba kupaka rangi ule mlango wa jikoni. Nikasema sitaruhusu. Akasema, "Haya basi, mwalimu," akashuka ngazi.

Nilimtazama mpaka kona ya duka la vifaa. Fundi viatu akamwita, "Baba Njugu, safari?" Akageuka, chini, kiunoni. Kumbe ni kweli. Nimeishi naye mwaka mzima na sikuwahi kuliona.

Alhamisi, 3 Mei

Shule imefunguliwa. Nimepewa na vipindi vyake. Kwenye chumba cha walimu wameliacha dawati lake bila mtu, kwa heshima, na limejaa mafaili ya kila mtu. Nimepika chakula cha wawili tena.

Jumanne, 8 Mei

Semina imekwisha na hakuna anayenidai shajara, lakini leo lazima niandike.

Alipiga simu jioni. Mara ya kwanza tangu aondoke. Aliuliza kama paa linavuja, nikasema mvua zimepungua. Akaniuliza nimefika wapi na kidato cha pili, nikamwambia. Nyuma yake nikazisikia sauti za watoto wa watu, wanacheza mpira.

"Leo darasani wameniuliza maswali ya kunizoea," akasema. "Natoka wapi, nashabikia timu gani. Mmoja akauliza, mwalimu, una watoto wangapi?"

Nikakivuta kigoda.

"Nikasema sina."

Nilikaa kwenye kigoda. Aliendelea haraka, kana kwamba anatoa udhuru ofisini. Kwamba ndilo alilolifuata kule, kusema neno hilo na lipite. Kwamba ni kweli, ukihesabu ni kweli. Lakini alipogeuka kuandika hakuweza kuiona mistari ya ubao. Alisimama amewapa mgongo mpaka kengele ikalia, na watoto walitoka kwa kunyata.

Moyo ulinivunjika mara mbili, mara moja kwa ajili ya Njugu aliyekanwa, na mara moja kwa ajili yake yeye aliyesimama peke yake mbele ya ubao nisioujua. Nilitaka kumfokea. Nilitaka nifike pale nimshike ule mgongo. Nikamwambia ninachokijua.

"Kesho una kipindi nao?"

"Cha kwanza."

"Waambie ulikosea. Usifute. Chora mstari, andika chini yake."

"Niandike nini?"

"Kwamba unaye mmoja."

Nikawasikia wale watoto wakishangilia bao. Sikumwuliza kama atarudi. Harudi, nilijua kwa jinsi alivyoniuliza habari za paa, kama mtu anayeuliza paa la jirani. Kisha nikamsikia akivuta pumzi.

"Haya, Mama Njugu," akasema.

Nikaitika. Alikuwa ameshakata.